Siku ya Mlango Mtupu

Hapo zamani, na kaeni vizuri msije mkasema hamkusikia, katika mji wa Mtambuuni palikuwa na msukaji wa mikeka jina lake Kazija.

Kazija hakuwa na tajiri wa kumfanyia kazi. Kabla ya hapo alikuwa naye. Alisuka miaka sita ukumbini kwa Bi Kombo, yeye na wasichana wengine kumi. Asubuhi anaingia, alasiri anatoka, na akitoka, kazi inabaki kule kule ukumbini. Lakini kwa Bi Kombo hukohoi bila ruhusa. Huendi kumtazama mama yako bila ruhusa. Ukisema kichwa kinakuuma, Bi Kombo ndiye anayeamua kama kinauma kweli. Mwezi ule alipoposwa na Faki mwashi, Kazija akaaga.

"Nataka niwe bibi wa mikono yangu," alisema. "Nikitaka kusuka nitasuka, nikitaka kulala nitalala. Nikitaka kwenda kwa mama, nitajifunga leso yangu niende."

Bi Kombo alicheka mpaka akajishika ubavu. "Nenda, mwanangu. Ukimpata huyo bibi aliye mpole kuliko mimi, njoo unionyeshe."

Sasa sikilizeni desturi ya Mtambuuni, maana bila desturi hii hadithi yangu haina miguu.

Mwenye kutaka mkeka alichukua uchane mmoja wa ukindu, jani la kusukia, akaenda mlangoni kwa msukaji, akaufunga fundo kwenye pete ya chuma ya mlango. Fundo likishafungwa, neno limekwisha, mkeka utasukwa. Siku ya kuuchukua mkeka, aliyefunga ndiye anayefungua. Jua likizama, hakuna afungaye. Na kama jua limezama pete ikiwa tupu, haina hata fundo moja, basi siku inayofuata ni ya mwenye mlango, yote, tangu alfajiri mpaka magharibi. Hafungiwi, haulizwi, hagongewi. Waliiita siku ya mlango mtupu.

Lakini pakiwa na fundo moja tu, yeyote ana haki ya kufunga la pili. Na msukaji akilikataa fundo, mwenye fundo huenda mlango mwingine, na shangazi zake wote huenda naye, wala hawarudi.

Wasukaji wengine walipata siku yao kila mwezi. Kazija hakuipata. Ukili wake, ule mkanda unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, ulikaza hata ukimwaga chai juu ya mkeka haipenyi, na maua yake yalitulia kana kwamba yameota hapo. Likafunguliwa moja, likafungwa moja. Yakafunguliwa mawili, yakafungwa matatu. Miaka minane ikapita hivyo, na jua halikuzama hata mara moja juu ya pete tupu.

Na niseme kweli, kwa kuwa hapa hatuoneani haya: Kazija aliitamani siku ile, na aliiogopa. Mafundo yakipungua yakabaki mawili, moyo ulimwenda mbio. Alijiambia, wamenisahau. Akitokea mtu wa kufunga la tatu, alimkaribisha kwa kahawa.

Wa kwanza kuahidiwa alikuwa Faki, mumewe.

Ilikuwa siku ya tatu ya fungate yao. Wamekaa ndani, wanacheka, mara wanasikia pete ya mlango inalia. Fundo la kwanza la maisha ya Kazija. Akatoka, akatazama, akarudi na shada la ukindu la kuanzia kazi.

"Fungate ina siku saba, mke wangu," alisema Faki.

"Najua. Hizi nne tutazirudisha. Mlango ukiwa mtupu tutakwenda shambani kwa marehemu baba yako, mimi na wewe tu, tukae kutwa."

"Mlango ukiwa mtupu?"

"Mlango ukiwa mtupu."

Wa pili kuahidiwa alikuwa mama yake, Bi Mboja. Huyu macho yalianza kumwisha. Mwaka wa kwanza alishindwa kutunga uzi sindanoni, mwaka wa pili akawa anamjua mtu kwa mwendo wake. Alikuwa na dada mmoja tu, Bi Mtumwa, kikongwe asiyetoka kitandani, huko Mvinje upande wa mashariki. Bi Mboja akaja kukaa kwa mwanawe, na siku ile ile ya kwanza akasema, "Kazija, nipeleke Mvinje nikamwone dada yangu. Nasema nikamwone. Kumsikia nitamsikia hata nikiwa kipofu."

"Nitakupeleka mwenyewe, mama. Mlango ukiwa mtupu."

Wa tatu alikuwa mtoto, Zuwena, wa miaka saba. Nywele za Zuwena zilisukwa na jirani, Bi Raya. Bi Raya alikuwa mwema, ila mkono wake mzito, akivuta nywele mtoto anaona nyota mchana. Kila Ijumaa Zuwena alimwendea mama yake na kitana.

"Mama, nisuke wewe."

"Ngoja nimalize pima hii ya ukili."

Zuwena alikaa, akangoja pima ikaisha. Ikaanza nyingine.

"Mama."

"Mwanangu, mlango ukiwa mtupu nitakusuka kutwa nzima. Vijia vyembamba vyembamba, kichwa kizima. Sitashika kitu kingine."

Ahadi moja, kwa watu watatu. Kazija hakuwa mwongo. Kila alipoisema aliiamini. Ila hakudhani siku yenyewe ingefika, na kitu usichodhani kitafika ni rahisi kukigawa.

Mwaka wa nane kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikavimba. Akikikunja, hakikunjuki mpaka akivute kwa mkono wa pili. Mkunga Bi Siti akakishika, akakigeuza, hata akakinusa.

"Unalala saa ngapi?"

"Nikimaliza."

"Unamaliza saa ngapi?"

Kazija akakificha kidole chini ya leso.

"Basi sikia," alisema Bi Siti. "Nitakupa dawa ya kukanda, lakini dawa hii inataka siku moja nzima ya kulala chali, mikono juu ya tumbo. Usishike shazia, hiyo sindano yako ya mikeka. Usishike mwiko. Usishike hata nywele. Siku moja, Kazija, kabla mwezi haujaandama."

"Na nisipoipata?"

"Sikuapii. Nakwambia tu kwamba Mwanajuma wa Kitongani nilimwambia hivi hivi, na leo analishwa uji na wajukuu."

Kazija akarudi nyumbani. Kwenye pete palikuwa na mafundo manne.

Hapo masika ikaanguka. Ikanyesha siku ya kwanza, ikanyesha siku ya pili, siku ya tatu njia zote za Mtambuuni zikawa mito. Hakuna aliyekuja kufunga fundo, maana hakuna aliyetaka kuvuka maji kwa fundo tu. Yale manne yakabaki manne, na mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

"Mvua ikikatika kabla hujamaliza," alisema Faki, "watakuja wote kwa siku moja."

"Najua."

"Ukimaliza kabla haijakatika?"

Kazija akaitazama pete. "Mlango utakuwa mtupu," alisema.

Aliposema hivyo, watu watatu waliinua vichwa. Kazija hakuwaona, alikuwa anachovya kidole kwenye maji moto.

Sasa tazameni walivyofanya.

Faki ni mwashi, na mvua inaponyesha chokaa haikauki, kwa hiyo mwashi hana kazi. Akatoka kizingitini, akakaa pale mahali penye mwanga, akachukua mashada ya ukindu na kisu kidogo, akaanza kuchana. Mwanamume, mchana kweupe, anachana ukindu! Pale Mtambuuni halijaonekana. Wenzake walikuwa wamejibanza barazani kwa jirani wakikimbia mvua.

"Fundi Faki! Harusi yangu mwezi ujao, nisukie na kipepeo cha kujipepea!"

"Mwacheni, amepata tajiri mpya. Anamlipa kwa ubwabwa."

"Fundi, na hina utatia?"

Faki akavuta shada jingine. Mikono iliyozoea jiwe ilikatwa na ukindu kwenye kila kiungo. Alichana siku ya kwanza, alichana siku ya pili, alichana siku tisa. Mpaka leo kuna wanaomwita Bi Faki.

Bi Mboja akasikia sauti ya kisu, akajivuta mpaka pale. "Mkwe wangu, wewe ndiye?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe nisuke. Macho yamekufa, vidole havijafa. Ila rangi nitajuaje?"

Mkwe na mama mkwe, watu ambao kwa miaka minane walisalimiana na kupishana tu, wakakaa goti kwa goti.

"Nipe nyekundu, baba."

"Hii hapa, mama."

"Nyeusi mbili."

"Hizi hapa."

"Hii si nyeusi, hii ni ya manjano. Nyeusi huchemshwa mara mbili, inakuwa laini. Usinidanganye, mimi ni kipofu, si mjinga."

Faki akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Bi Mboja alisuka kwa kuhesabu, nyeusi mbili, nyekundu moja, nyeusi mbili, nyekundu moja. Akasuka pima ishirini, akasuka pima arubaini. Kichwa kilimgonga, na mwanga mdogo uliokuwa umebaki machoni ukazidi kufifia, kwa kuwa hata asiyeona hukodoa. Hakumwambia mtu.

Kazija ndiye aliyeshona. Kuunganisha ukili kwa shazia mpaka uwe mkeka, hapo hapana wa kumsaidia. Kila alipovuta uzi kidole kilipiga kelele, naye akavuta. Mkeka wa kwanza ukaisha, mwenyewe akaitwa, akavuka maji na mwavuli wa jani la mgomba, akafungua fundo. Wa pili ukaisha. Wa tatu ukaisha.

Siku ya kumi tangu Faki ashike kisu, alasiri, wa nne ukaisha. Na alasiri ile ile mvua ikakatika.

Shangazi wa bibi harusi mmoja, aliyeuagiza mkeka huo, akaja, akaukunjua mkeka, akaukunja, akafungua fundo la mwisho. Pete ikabaki tupu. Jua lilikuwa bado juu, na njia zinaanza kupitika. Kazija alikuwa amekaa chini ndani, mgongo ukutani, macho yamefumba. Faki amekwenda kuteka maji. Bi Mboja anaswali.

Na kule njia panda, watu wanakuja na ukindu mkononi.

Desturi inasema fundo halifungwi juu ya mkono wa mtu, wala mkono kwenye pete si kulikataa fundo. Zuwena aliijua desturi. Akatoka, akaishika pete kwa mikono miwili.

Akaja wa kwanza, Bwana Shaame, mwenye tumbo.

"Mtoto, mama yako yupo?"

"Yupo."

"Nipishe nifunge fundo langu."

"Sipishi."

"Nitakupa kashata."

"Ya nazi au ya njugu?"

"Ya nazi."

"Sipishi."

Akaja wa pili, mwanamke mrefu kutoka Kitongani. "Mwanangu, mikono haikuumi?"

"Inauma."

"Si uiache?"

"Siiachi."

Akaja wa tatu, Bi Raya jirani, yule wa nywele. "Ala! Hata mimi, Zuwena? Mimi ninayekusuka kila Ijumaa?"

Mtoto akamtazama, machozi yakamlengalenga. "Hata wewe, Bi Raya."

Wakamngoja achoke. Hakuchoka. Wakamtishia kwa baba yake. Baba yake akatokea na mtungi, akaona, akapita ndani. Vidole vya mtoto vikawa vyeupe, inzi akamtua puani asiweze kumfukuza. Jua likashuka, likagusa mapaa, likazama. Wale watu wakaenda zao, ukindu wao mkononi. Walikuwa kumi na mmoja, na wote walisema, "Kesho kutwa alfajiri."

Kwa hiyo siku ilikuwa moja tu. Tena baada yake, mafundo kumi na moja, na mwezi unaandama.

Alfajiri Kazija aliamka, akaswali, akapaka kidole dawa ya Bi Siti, akatandika mkeka wake wa zamani sakafuni ili alale chali. Akasikia mchakacho ukumbini. Akatoka.

Akamkuta Faki amevaa kanzu safi, kikapu cha mihogo begani, viatu mkononi.

Akamkuta Bi Mboja amejitanda leso mpya, mkongojo mkononi, uso ameuelekeza mashariki.

Akamkuta Zuwena chini kizingitini, nywele amezifumua zote zimesimama, kitana mkono mmoja, kibuyu cha mafuta ya nazi mkono wa pili.

Wakatazamana. Kila mmoja akamwangalia mwenzake alivyojiandaa, na kila mmoja akaelewa.

"Mlango ukiwa mtupu," alisema Faki polepole. "Na wao pia?"

Kazija akainamisha kichwa. "Na wao pia."

"Twendeni wote Mvinje," Kazija akasema upesi, kama mtu anayeziba maji kwa kiganja.

"Mvinje ni mashariki, shamba la baba ni magharibi," alisema Faki. "Na huko Mvinje kuna watu ishirini ndani ya nyumba. Utasalimiana mpaka jua lizame. Mke wangu, mimi niliahidiwa kwanza. Miaka minane nimengoja siku nne, leo naomba moja. Tangu lini tumezungumza jambo lisilokuwa na mkeka ndani yake? Nimekaa kizingitini nikaitwa Bi Faki. Bila chane zangu ukili usingesukwa. Siku hii ni yangu."

"Nigawanyeni basi," alisema Kazija. "Nusu huku, nusu huku."

"Nusu siku hunifikisha njia panda tu," alisema Bi Mboja. "Mwanangu, sikukwambia, nakwambia sasa. Nilipoanza ule ukili nilikuwa naona mwanga wa dirisha. Leo dirisha naliona kama doa, na uso nauona ukiletwa karibu na pua yangu tu. Bila vidole vyangu mikeka minne ingebaki miwili. Mkwe wangu atangoja, ni kijana. Macho yangu hayangoji kesho kutwa."

"Nitakupeleka mimi, mama," alisema Faki. "Nitakubeba."

"Ahsante, baba. Lakini dada yangu hajamwona Kazija tangu akiwa wa kubebwa. Nataka nyuso mbili mahali pamoja, nizitazame kwa mara moja, nifunge macho nikiwa nazo. Siku hii ni yangu."

Zuwena hakusimama. "Mimi ndiye niliyeshika pete," alisema.

"Tunajua, mwanangu," alisema Kazija. "Nywele tutasuka jioni."

"Jioni gani, mama?"

Zuwena akakibana kitana magotini.

"Bwana Shaame alinipa kashata nikakataa. Bi Raya hatanisuka tena, amekasirika. Nyinyi mlimaliza mikeka, lakini kama si mimi pete ingekuwa na mafundo kumi na moja, na leo isingekuwepo. Kila siku nikikuita unasema ngoja. Nimengoja. Siku hii ni yangu."

Faki akatazama viatu vyake. Bi Mboja akauhamisha mkongojo mkono wa pili. Jua lilikuwa limeshatoka, mstari wa mwanga umeingia mlangoni ukapita katikati yao. Kazija akaunyanyua mkono wake wa kulia, ule mwanga ukauangukia. Kidole kilikuwa kimekunjika chenyewe, naye hakuwa amekikunja.

"Na mimi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayeulizia njia. "Nilitoka kwa Bi Kombo ili nilale nikitaka. Sijalala. Mliyonifanyia yote nimeyaona, na ahadi zote ni zangu, sizikani. Lakini mikeka minne niliishona kwa kidole hiki, na nikitembea leo, au nikisuka leo, nawaambia sijui yale mafundo kumi na moja ya kesho yatafunguliwaje. Wala sijui Zuwena nitamsuka kwa kidole gani mwakani. Siku hii si yangu?"

Wakabaki pale wote wanne, kila mmoja na haki yake mkononi: kikapu, mkongojo, kitana, kidole.

Nimeisimulia hadithi hii mahali pengi. Wanaume wengine walisema wa kwanza kuahidiwa ni wa kwanza kulipwa. Mama mmoja mzee alinikemea, akasema kuna jambo gani la kujadili pale palipo na macho yanayozima. Msichana mmoja alikwenda akaketi mbele ya mama yake akafumua nywele. Na fundi cherehani mmoja, mwenye miwani mikubwa, alinifuata nje akaninong'oneza, "Angelala. Mwambie angelala." Kisha akarudi mbio dukani kwake, kulikuwa na watu wanamngoja.

Nanyi semeni. Ila msikawie, maana wale wanne bado wako pale mlangoni, mwanga ulikuwa katikati ya ukumbi na sasa umerudi kizingitini, na siku yenyewe ndiyo hiyo inakwenda.

Je, nani aliistahili?